Kuchagua kisu cha kukunja cha bei nafuu kwa mtu wa Mombasa

Kazi yangu ni kufunga maturubai ya harusi na matanga, na kisu cha kukunja hakinitoki mfukoni. Kwa siku moja nitakata kamba ya katani, kamba ya nailoni, utepe wa katoni, mkanda wa plastiki uliofungia viti, na mchana nikikaa kivulini nitamenya embe. Vijana ninaofanya nao kazi huniuliza wanunue kipi, maana pesa zao ni za kibarua na hawataki kununua kitu kimoja mara mbili. Maelezo mengi ya visu yameandikwa na watu wa nchi za baridi, mbali na bahari. Kisu kinachosifiwa huko kinaweza kuliwa na kutu mfukoni mwa mtu wa hapa kabla msimu wa kusi haujaisha.

Ninaposema bei nafuu, nazungumzia shilingi 1,000 hadi 4,000. Chini ya hapo visu vimejaa kwenye mabanda ya Mwembe Tayari na kando ya barabara ya Digo, na baadhi yake vitakata vizuri wiki ya kwanza. Juu ya hapo viko vizuri zaidi, lakini mtu anayepanda ngazi na kufanya kazi ufuoni asibebe kisu ambacho kikidondoka kwenye maji kimekwenda na kodi ya nyumba.

Anza na chuma

Hapa kwetu adui wa kisu ni chumvi. Iko kwenye upepo, iko kwenye jasho la kiganja, na kisu kinashinda mfukoni kikiwa na unyevu. Kwa hiyo kabla hujatazama mpini wala rangi, uliza ubapa ni wa chuma gani.

Chuma huhesabiwa kuwa stenlesi kikiwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu hujenga juu ya chuma utando mwembamba usioonekana, na utando huo ndio unaozuia kutu. Chumvi ikikaukia juu ya ubapa huutoboa utando, ndiyo maana hata kisu cha stenlesi hutoa vidoa vya kahawia ukikisahau siku kadhaa. Kaboni kwa upande wake ndiyo inayokifanya chuma kiwe kigumu na kishike makali. Kaboni ikiwa chache kisu kinakuwa butu upesi. Kaboni ikiwa nyingi na kromiamu haikuongezwa vya kutosha, kutu inakaribishwa.

Visu vingi vya bei tunayoizungumzia vinatoka China, na jina la chuma huwa limechongwa kwenye ubapa karibu na mpini. Jina hilo linasomeka. Chukua 8Cr13MoV: hiyo 8 ya mbele ni kaboni, kama asilimia 0.8, na 13 inayofuata Cr ni kromiamu, kama asilimia 13. Ukishajua hivyo, unaweza kusimama mbele ya meza ya visu na kuvilinganisha mwenyewe bila kumtegemea muuzaji. 3Cr13 ina kaboni kidogo mno, itakufaa kumenya matunda lakini kamba zitaimaliza makali. 5Cr15MoV ina kaboni ya wastani na kromiamu ya kutosha, na ndiyo ninayompendekezea mvuvi au mtu anayeshinda kwenye maji. 7Cr17MoV na 9Cr18MoV ni nzuri pia ukizipata kwa bei yako. 8Cr13MoV yenyewe inamtosha mtu wa kazi za nchi kavu, dukani, ghalani, kwenye pikipiki, mradi akifute kisu chake kila jioni.

Utasikia chuma kiitwacho D2 kikisifiwa sana. Ni kweli inashika makali muda mrefu. Ina kromiamu kama asilimia 12, lakini kaboni yake ni kama asilimia 1.5, na kaboni hiyo huikamata sehemu kubwa ya kromiamu, ikabaki chache ya kulinda chuma. Bara ni chuma kizuri. Kwa mtu anayevuka maji kila siku na kutoka jasho kama tunavyotoka Januari na Februari, sikishauri.

Ukikuta ubapa umeandikwa "Stainless Steel" peke yake, bila jina la chuma, ichukulie kuwa ni chuma laini. Hakitashika kutu haraka, lakini utakinoa mara kwa mara. Kama matumizi yako ni kufungua bahasha na kukata machungwa, kinunue bila wasiwasi kama bei yake ni ndogo. Na usihangaike na sumaku. Watu wengi hupima sufuria kwa sumaku, wakidhani stenlesi halisi hainaswi. Stenlesi ya visu hunaswa na sumaku, iwe nzuri au mbaya, kwa hiyo kipimo hicho hakikuambii lolote.

Kuna visu vya chuma cha kaboni kitupu, na vingine vina sifa nzuri. Okapi ya Afrika Kusini ni mmoja wao, na Opinel ya Ufaransa ina aina mbili, moja ya kaboni na moja ya stenlesi. Chuma cha kaboni kinanoleka kwa urahisi na makali yake ni matamu. Lakini kata embe bichi kwa kisu hicho, lile la kuchovya kwenye chumvi na pilipili, kisha ukitazame. Baada ya dakika chache ubapa unaanza kugeuka kijivu chenye buluu, na kwenye nyama ya embe unabaki mstari mweusi wenye ladha ya chuma. Limau hufanya hivyo hivyo. Haidhuru mtu, ila kisu kama hicho kinataka kufutwa kila unapokitumia, na fundi aliye juu ya ngazi hana nafasi hiyo. Ukinunua Opinel kwa matumizi ya hapa, tafuta iliyochongwa INOX kwenye ubapa, yaani ile ya stenlesi. Chuma chake ni cha jamii ya 12C27 ya Sweden.

Loki, maana vidole havinunuliwi

Ubapa wa kisu cha kukunja ukijifunga wakati umeukandamiza, vidole ndivyo vilivyo njiani. Hapa ndipo visu vya bei ya chini hupunguziwa gharama, kwa sababu mnunuzi haoni loki akiwa anatazama rangi.

Aina utakayokutana nayo zaidi ni ya kibati. Ndani ya mpini kuna kibati cha chuma kilichopinda kidogo, na ukifungua ubapa, kibati kinasogea na kukaa nyuma ya kitako chake. Ukitaka kufunga, unakisukuma pembeni kwa kidole gumba. Fungua kisu polepole utazame kibati kimesimama wapi. Kinatakiwa kishike kati ya robo na nusu ya unene wa kitako cha ubapa. Kikigusa ukingoni tu, siku moja kitateleza. Kikiwa kimevuka hadi upande wa pili na kisu ni kipya, basi hakuna nafasi iliyobaki ya kuchakaa, na baada ya muda ubapa utaanza kucheza.

Aina nyingine ni loki ya mgongoni, ile ambayo unabonyeza upau kwenye mgongo wa mpini ili ubapa ukunjike. Ni imara, na ukibonyeza vidole vyako haviko kwenye njia ya ubapa. Udhaifu wake kwa watu wa ufuoni ni mchanga. Mchanga ukiingia kwenye tundu dogo ambalo upau unatumbukia, loki haitashika mpaka mwisho ingawa kwa macho itaonekana imeshika. Mwenye loki hii awe na sindano au kijiti cha meno cha kuchokolea tundu hilo.

Opinel hutumia pete ya chuma kwenye shingo ya mpini. Unaizungusha na ubapa haukunjiki. Pete hiyo ilianza kuwekwa mwaka 1955, na mimi sijaona loki iliyo rahisi kuelewa kuliko hiyo. Haina springi ya kufa. Inataka mikono miwili, na katika kazi yangu mkono wa pili nautafuta kila mara, lakini bado naiheshimu pete hiyo.

Halafu kuna visu visivyo na loki kabisa, ambavyo springi pekee huushikilia ubapa. Visu vingi vyekundu vya Victorinox ya Uswisi viko hivyo. Kwa karani, mwalimu, fundi cherehani au mama wa dukani vinatosha kabisa, na mkasi mdogo ulio ndani hutumika kuliko ubapa wenyewe. Usitumie kisu cha namna hii kutoboa au kuchokoa kwa ncha, kwa sababu ukisukuma ncha ubapa unaweza kukurudia.

Vile vya kubonyeza kitufe ubapa ukaruka wenyewe, achana navyo. Springi ndogo ya bei rahisi ikipata kutu haina maisha, ubapa unaweza kufunguka mfukoni, na askari akikiona hatakusikiliza kwa moyo mkunjufu.

Jinsi ya kukipima kabla hujatoa pesa

Nenda mchana, penye mwanga. Muombe muuzaji ruhusa ya kufungua, na akikukatalia mshukuru uende duka jingine. Maduka ya vifaa vya uvuvi na vya ujenzi huwa hayana tatizo na jambo hili. Barabarani inategemea mtu.

Kwanza kishike kikiwa kimekunjwa, upande unaotokea ubapa ukielekea chini, ukitikise kwa nguvu. Ubapa usitoke hata kidogo. Kisha kitazame kwa juu ukiwa umekielekeza usoni: ubapa ulale katikati ya mpini, usisugue upande mmoja. Kifungue. Shika mgongo wa ubapa kwa vidole viwili, uusukume kushoto na kulia, halafu juu na chini. Kucheza kidogo kwa pembeni kunaweza kurekebishwa kama kuna skrubu ya kukaza. Kucheza juu na chini maana yake loki haikai vizuri, na hapo hakuna marekebisho.

Mpwa wangu aliniletea kimoja siku hizi, akakiweka mezani kwa furaha. "Ami, hiki kina tochi na kifungulio cha soda." Nikamwambia aufungue ubapa na aushike ncha. Ukaenda huku na huku kwa upana wa punje ya mchele. Bawaba yake ilikuwa imepigiliwa kwa ribiti, hakuna skrubu ya kukaza, na tochi ilikuwa imekula nafasi ambayo kibati kingekaa. Kisu kilichobeba mambo mengi kwa pesa kidogo kimepunguziwa chuma na loki, kwa sababu pesa ni ile ile. Nilimrudisha dukani, na kwa bahati alikuwa hajakitupa kiboksi chake, akabadilishiwa.

Baada ya hapo pima loki. Shika mpini kwa pembeni, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya ubapa, ugonge mgongo wa ubapa polepole kwenye ukingo wa meza ya mbao, mara mbili au tatu. Polepole, maana hata loki nzuri inaweza kuharibiwa na kishindo. Ubapa ukikunjika, rudisha kisu.

Mwisho elekeza makali juu, chini ya taa au jua. Makali mazuri hayaonekani. Ukiona mstari unaong'aa au vidoa vya mwanga, hapo ni butu. Hiyo isikuzuie kununua, kwa sababu makali ya dukani ni ya kurekebishwa nyumbani. Chuma na loki havirekebishiki.

Umbo na mpini

Sentimita 7 hadi 8.5 za ubapa zinamtosha mtu yeyote. Wembamba ni bora kuliko unene: ubapa wa Opinel namba 8 hauzidi milimita 2 na unapita kwenye katoni na nyanya bila kusukumwa, wakati vile vinene vinapasua badala ya kukata. Anayekata kamba sana atafute makali yaliyonyooka kuliko yaliyopinda, kwa sababu kamba haitelezi kuelekea nchani. Meno ya msumeno yanakata kamba ya nailoni vizuri sana lakini kuyanoa ni kazi, na mie siyataki.

Kuhusu mpini nina machache. Plastiki ya nailoni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo haina shida na maji. Chuma kitupu kinateleza mkono ukiwa na jasho. Mbao inapendeza na inashikika, lakini wakati wa masika hufyonza unyevu na kuvimba, na ubapa wa Opinel hugoma kutoka. Usiung'ang'anie kwa kucha. Fungua pete, kisha gonga kitako cha mpini juu ya meza, ubapa utatokeza kidogo uweze kuushika. Anayeishi karibu na maji aupake mpini mafuta kabla mvua hazijaanza.

Klipu ya kuning'iniza inafaa kwa suruali. Sisi tunaovaa kikoi baada ya kazi hatuna mahali pa kukibana, kwa hiyo tundu la kupitishia kamba mpinini lina faida zaidi. Usikichomeke kiunoni kwenye mkunjo wa kikoi. Ukiinama hujui kitatokea upande gani.

Kwa anayetaka jibu la moja kwa moja: ukipata Opinel namba 7 au 8 ya INOX ndani ya bajeti, nunua, hasa kama mikono yako miwili huwa huru. Usipoipata, chukua kisu cha kibati au cha loki ya mgongoni, ubapa wa 5Cr15MoV au 8Cr13MoV, mpini wa plastiki, chenye skrubu ya kukaza kwenye bawaba. Usilipie jina kubwa lililochapwa kwenye mpini wa kisu kinachouzwa shilingi 400. Na sokoni Kongowea, kwenye meza za vyombo vya mitumba, pekua kwa subira. Mara nyingine hutokea kisu kizee cha Ulaya kilichochoka mpini lakini ubapa wake mzima.

Kukitunza

Kikiingia maji ya bahari, kisuuze kwa maji ya bomba siku hiyo hiyo, ukifungue na kukifunga ndani ya maji ili chumvi itoke kwenye bawaba, kisha ukikaushe juani kikiwa wazi. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba linatosha. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa ubapa unaokata chakula, lakini usiyaweke kwenye bawaba, kwa sababu yakikaa muda mrefu huchacha na kunata na vumbi.

Kisu kidogo usimpelekee mnoaji wa jiwe la kuzunguka. Kwa panga anafanya kazi nzuri. Ubapa mwembamba hupata moto haraka kwenye jiwe kavu, na makali yakishageuka rangi ya kahawia au buluu, ugumu wa chuma umekwisha pale. Nunua kinoo cha pande mbili. Simamisha ubapa wima juu yake, uulaze nusu, halafu uulaze nusu tena: hapo umekaribia nyuzi 20, na ndipo unapopataka. Sukuma upande mmoja mpaka usikie kwa kidole kijiukingo kimejikunja upande wa pili, kisha geuza. Kama huna kinoo, geuza kikombe cha kauri. Ile duara ya kitako isiyopakwa rangi inanoa vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Kukibeba mjini

Jambo hili nalichukulia kwa uzito. Mitaa yetu imeumizwa na vijana wanaovamia watu kwa visu na mapanga, na kila familia ina mtu aliyeogopa kutoka usiku kwa ajili hiyo. Kisu chako kionekane ni zana. Ubapa uliopakwa rangi nyeusi, wenye makali pande mbili au umbo la kutisha, hauongezi lolote kwenye kukata kamba. Usikichezee hadharani, usikifungue katikati ya watu bila kazi, na ukimpa mtu mgeuzie mpini.

Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhusu mtu aliyekutwa na silaha ya hatari katika hali inayoonyesha alikusudia kutenda jinai. Kwa hiyo mahali, saa na sababu vina uzito. Kisu kilichomo kwenye mfuko wa zana pamoja na kamba na nyundo, saa nne asubuhi, kina maelezo yake. Kisu hicho hicho kiunoni kwenye mkutano wa siasa au nje ya klabu usiku wa manane hakina. Ukienda huko, kiache nyumbani.

Kivuko cha Likoni, mahakamani na kwenye maduka makubwa unaweza kupekuliwa, hivyo ukibebe ndani ya mfuko wa kazi na ukiseme mapema kabla hakijaonekana. Kwenye treni ya SGR visu haviruhusiwi na mizigo hukaguliwa pale Miritini, kwa hiyo siku ya safari hakikisha umekitoa kwenye begi tangu usiku. Kwa ndege, kiweke kwenye begi unalolikabidhi kaunta, lisiwe lile unaloingia nalo ndani.